Lisubiri Ua, Usimfukuze Mdudu: Namna ya Kupiga Picha za Wadudu Wanaoelea Wakinyonya Maua ya Machipuko

Folda ya picha zangu za kwanza za wadudu imejaa maua. Maua mazuri, yenye mwanga safi, na hayana mdudu hata mmoja. Katika picha chache utaona kitako chenye manyoya kikitokomea ukingoni mwa fremu, au doa la kahawia ambalo ni mimi tu ninayejua kwamba lilikuwa nzi. Nilikuwa nikifanya kile ambacho karibu kila anayeanza hukifanya: namwona mdudu, namwelekezea lenzi, natafuta fokasi, na nikibonyeza yeye ameshahamia ua la tatu.

Kilichonisaidia hakikuwa kamera mpya. Niliacha kumtazama mdudu nikaanza kulitazama ua. Mdudu anayeelea hukaa mbele ya ua moja kwa sekunde moja au mbili, basi. Lakini ua halihami, na mahali atakaposimama hewani panajulikana kabla hajafika: ni pale ambapo mkonga wake, yaani mdomo mrefu wa kunyonyea, unaifikia mbochi, ule utamu wa ndani ya ua. Karibu kila kitu nitakachoeleza hapa chini kinatoka kwenye jambo hilo.

1. Mjue unayemngoja

Wadudu wengi hutua ndipo wale. Wanaokula huku wakielea, au wanaoelea mbele ya ua kabla ya kutua, ni wachache, na kila mmoja ana tabia zake zinazoamua utampigaje picha.

Wa kwanza ni nzi-nyuki, wa familia ya Bombyliidae. Anayejulikana zaidi ni Bombylius major, ambaye kaskazini mwa dunia, kwenye nchi za majira manne, huonekana kuanzia Machi hadi Mei hivi. Ana urefu wa kama sentimita moja na manyoya ya kahawia kama ya nyuki mnene, na mbele ya uso umechomoza mkonga mwembamba, mgumu, wa milimita 6 au 7. Hawezi kuukunja, anaruka nao umenyooka kama sindano, na ndiyo maana watu humkwepa wakidhani ni mwiba. Hang'ati wala hachomi. Ukimtazama kwa karibu anapokula utaona jambo ambalo kwa mpiga picha ni zawadi: mbawa zinaendelea kupiga, lakini miguu ya mbele inaigusa petali kidogo tu, kama mtu anayeshika ukingo wa meza ili asiyumbe. Hapo ndipo anapotulia kuliko wakati mwingine wowote.

Wa pili ni nzi wa maua, familia ya Syrphidae. Wengi wao wana mistari ya manjano na nyeusi kama nyigu, ila wewe hesabu mbawa: nzi ana mbili, nyuki na nyigu wana nne. Wengi wana kinywa kifupi, kwa hiyo akitaka kula hutua. Kuelea kwake hutokea kabla ya kutua, anaposimama mbele ya ua kama mgeni anayepiga hodi, na hutokea pia pale dume anapolinda eneo lake hewani. Huyo dume ni rafiki wa anayejifunza. Akiondoka kumfukuza mwenzake, mara nyingi hurudi palepale alipokuwa, na hivyo unaweza kurudia zoezi lilelile hata mara kumi. Utamtambua kwa macho: katika spishi nyingi macho ya dume yanakutana juu ya kichwa, na ya jike yameachana.

Wa tatu ni nondo wa mchana wa jenasi Macroglossum, ambaye wengi wakimwona mara ya kwanza huapa kwamba wameona ndege mvumaji. Macroglossum stellatarum yuko kusini mwa Ulaya, Afrika ya Kaskazini na sehemu kubwa ya Asia. Ndugu yake, Macroglossum trochilus, ni wa Afrika. Hupiga mbawa mara 70 hadi 80 kwa sekunde na mkonga wake una urefu wa kama sentimita mbili na nusu. Huyu hatui kula hata kidogo. Hukunjua mkonga, huuchomeka, huvuta, hurudi nyuma, ua jingine. Ana kumbukumbu pia: akipata shada lenye mbochi, mara nyingi hulirudia, na mara nyingine saa zilezile.

Ukiulizwa uanze na yupi, anza na nzi-nyuki. Nondo anavutia zaidi, lakini atakukatisha tamaa kabla hujajua mikono yako inafanya nini.

2. Kaa dakika kumi bila kamera

Hatua hii huwa inarukwa na karibu kila mtu, na ndiyo iliyonipa picha nyingi kuliko lenzi yoyote.

Nenda siku ya jua isiyo na upepo, saa ambayo hewa imeanza kupata joto. Nzi-nyuki anategemea sana jua. Wingu likipita hushuka na kutulia kwenye udongo mtupu au majani makavu yenye joto, na jua likirudi naye hurudi. Nondo ni tofauti: hutetemesha misuli ya mbawa mpaka mwili upate joto, kwa hiyo unaweza kumkuta hata asubuhi yenye ubaridi. Upepo ndio adui mkubwa kuliko wote. Ua linaloyumba sentimita mbili linaiharibu hesabu yote nitakayoeleza.

Kaa chini, kamera ikiwa kwenye begi, utazame. Ni shada gani linatembelewa? Mdudu anaanzia juu au chini? Anakaa kwa kila ua muda gani? Anakuja kutoka upande gani? Baada ya dakika kumi utagundua kwamba kati ya maua mia kuna manne au matano yanayopendwa, na kwamba mdudu aliyeonekana kurukaruka ovyo kumbe ana njia yake.

Kisha chagua ua moja au mawili kati ya hayo. Ninaangalia mambo matatu. Kwanza, mdomo wa ua uwe umeelekea pembeni, si mbinguni, ili mdudu akae ubavu kwangu na mkonga wake uonekane wote. Maua ya Primula na Pulmonaria ni mazuri kwa hili. Muscari, yenye vikengele vidogo vinavyoinama, humlazimisha nzi kuingiza mkonga kutoka chini kidogo, na picha yake hupendeza kwa sababu mwili unainuka. Pili, ua liwe limejitenga kidogo na wenzake. Tatu, nyuma yake kuwe na nafasi ya mita moja au zaidi, na ikiwezekana pawe na kivuli. Mdudu mwenye mbawa za kioo mbele ya kichaka chenye mwanga mwingi hupotea. Mbele ya kivuli, manyoya na mbawa hung'aa.

3. Vifaa, kwa ufupi

Lenzi ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 90 hadi 105 inatosha kabisa. Ya milimita 150 au 180 inakupa umbali zaidi kutoka kwa mdudu, lakini ni nzito na mkono hutetemeka mapema. Kama huna makro, lenzi ndefu ya milimita 300 au 400 inayoweza kufokasi karibu hufanya kazi nzuri kwa nondo, na tyubu ya kuongezea kati ya lenzi na kamera huipunguzia umbali wa kufokasi. Tripodi huiacha nyumbani, maana kabla sijamaliza kuirekebisha mdudu ameshashiba. Stendi ya mguu mmoja inasaidia. Mkeka mdogo au gunia la kukalia linasaidia zaidi, kwa kuwa maua mengi ya mwanzo wa machipuko yako chini kabisa na utakaa chini muda mrefu.

4. Usiwe na tamaa ya ukubwa

Anayenunua lenzi ya makro hutaka mara moja mdudu ajae fremu nzima. Kwa mdudu anayeelea tamaa hiyo inakuponza, na sababu yake inapimika.

Tuseme sensa yako, kile kipande cha kamera kinachopokea picha, ni ya milimita 36 kwa 24 na apecha, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga, iko f/8 (namba ya f ikipanda, tundu hupungua). Ukipiga kwa ukubwa halisi, yaani milimita moja ya mdudu iwe milimita moja kwenye sensa, kina cha sehemu iliyo kwenye fokasi ni kama milimita 1 tu. Kwa nusu ya ukubwa halisi ni kama milimita 3. Kwa theluthi ni karibu milimita 6. Kwa robo inakaribia sentimita 1. Mdudu anayeelea husogea mbele na nyuma milimita kadhaa hata akiwa ametulia, na wewe unayumba vilevile. Ukiwa na milimita 1 unacheza bahati nasibu. Ukiwa na milimita 6 unapiga picha.

Kwa hiyo anza na theluthi. Fremu itakuwa na upana wa kama sentimita 11, ambapo nzi-nyuki anaingia pamoja na ua lake na bado kuna nafasi ya kukata kingo za picha baadaye. Mikono ikizoea, sogea hadi nusu. Nondo mpe robo tu, maana mbawa zake zikifunguka zina sentimita nne hivi na anaelea mbali na ua kwa urefu wa mkonga.

Mtu atasema: si nifunge apecha hadi f/16 nipate kina zaidi? Utapata, lakini kwa nusu ya ukubwa halisi apecha hiyo inatenda kazi kama f/24, picha nzima inapoteza makali, na mwanga unakuishia. Mimi hubaki kati ya f/8 na f/11.

Namna rahisi ya kupanga ukubwa: weka rula kando ya ua, zima fokasi ya kujiendesha, zungusha pete ya fokasi mpaka rula ionyeshe sentimita 11 kutoka ukingo hadi ukingo, kisha usiiguse tena. Kuanzia hapo, kufokasi ni kusogeza mwili wako.

5. Shata, na swali la mbawa

Chukua nondo anayepiga mbawa mara 75 kwa sekunde. Ukiweka spidi ya shata, yaani pazia la kamera linaloruhusu mwanga, 1/250 ya sekunde, muda shata iko wazi mbawa zinakwenda karibu theluthi ya mzunguko wao mzima wa kupanda na kushuka. Hutaona mbawa, utaona moshi. Kwa 1/1000 zinakwenda asilimia 7.5 ya mzunguko. Kwa 1/4000 ni chini ya asilimia 2, na hapo umbo la mbawa huanza kuonekana. Nzi hupiga mbawa kwa kasi kubwa zaidi ya nondo, kwa hiyo hata 1/4000 huacha ncha za mbawa zake zimefifia kidogo.

Je, hilo ni kosa? Kwangu si kosa. Nina picha za nzi-nyuki ambaye kila mshipa wa ubawa unahesabika, na anaonekana kama amebandikwa kwa pini. Picha ninazozirudia ni zile ambazo jicho na manyoya ni makali kama wembe na mbawa ni feni iliyofifia pande mbili. Kwa hiyo spidi ninayoianzia ni 1/2000. Nikitaka mbawa zitulie napanda hadi 1/4000. Nikitaka feni nashuka hadi 1/800. Chini ya hapo mwili wenyewe huanza kutikisika.

Mwanga unatosha? Kuna kanuni ya zamani ya wapiga picha: kwenye jua kali, apecha f/16, spidi ya shata ni moja gawanya kwa ISO, yaani namba ya wepesi wa kamera kupokea mwanga. Ukifungua hadi f/8 unapata mwanga mara nne, kwa hiyo ISO 800 inakupa 1/3200. Lakini lenzi ikiwa karibu hivyo mwanga hupungua. Kwa nusu ya ukubwa halisi unapoteza zaidi kidogo ya stopu moja, yaani zaidi kidogo ya nusu ya mwanga. Kwa hiyo tarajia ISO kufika 1600 na usiiogope. Chengachenga za ISO hupunguzwa kwenye kompyuta. Jicho lililofifia halitibiki.

Weka kamera kwenye hali ya M (manual): wewe uchague apecha na shata, na ISO ijipange yenyewe huku ukiiwekea kikomo. Maua meupe na ya manjano yakiwa juani huungua haraka kwenye picha, yaani hugeuka doa tupu lisilo na undani, basi punguza mwangaza kwa theluthi moja au mbili za stopu.

6. Tega, kisha yumba

Sasa kiini chenyewe. Umeshachagua ua, ukubwa umeshaupanga, fokasi ya kujiendesha imezimwa.

Kaa ubavuni mwa ua, usawa wa macho wa mdudu atakayekuja. Kiwiko kimoja kiwe gotini au ardhini. Fokasi kwanza kwenye mdomo wa ua, kisha jiulize jicho la mdudu litakuwa wapi. La nzi-nyuki litakuwa nusu sentimita hivi mbele ya mdomo wa ua, kwa kuwa huo ndio mkonga ukiwa umeingia kidogo. La nondo laweza kuwa sentimita mbili nje. Kwa kuwa uko ubavuni, ua na jicho viko umbali uleule kutoka kwenye lenzi, na ndiyo faida ya ubavu: ukilifokasi ua umemfokasi na mdudu. Unachotakiwa kufanya ni kuiacha hiyo nusu sentimita au sentimita mbili ndani ya fremu, na nafasi zaidi nyuma ya mgongo wake.

Kisha ngoja, jicho moja kwenye kitundu cha kutazamia na jingine wazi. Jicho lililo wazi ndilo litakaloona mdudu akija.

Akifika, usibonyeze mara moja. Mara nyingi hujipima kwanza, hurudi nyuma, ndipo aingize mkonga. Subiri miguu ya mbele iguse petali. Hapo anza kuyumba mbele na nyuma taratibu, sentimita moja tu, kutoka kiunoni, na ubonyeze kabla jicho lake halijawa kali, wakati linaelekea kuwa kali. Ukingoja mpaka ulione kali, limeshapita. Piga mfululizo mfupi wa picha tano hadi nane, uachie, uyumbe tena.

Nasisitiza mfupi. Siku moja nilishika kitufe kwa sekunde nne nzima kwa nzi wa maua ambaye hata sikumhitaji, nikaridhika na mlio. Kamera ikaanza kuhamishia picha kwenye kadi, taa nyekundu inawaka. Nondo niliyemngoja tangu asubuhi akaja, akanyonya maua sita mbele ya pua yangu, akaondoka. Taa bado inawaka. Tangu siku ile kidole changu kina adabu.

Na ile fokasi ya kamera za kisasa inayomtambua mdudu na kumfuata? Kwa nondo aliye wazi mbele ya mandhari safi, inafanya kazi vizuri na sitakuambia uiache. Kwa nzi-nyuki kati ya majani, yangu hupenda kung'ang'ania petali, na ikishapotea huenda mwisho wa lenzi na kurudi, ambako ni sekunde nzima. Ijaribu, lakini jifunze njia ya mkono kwanza.

7. Kumsogelea

Ukitega vizuri hutahitaji kumsogelea sana, ila kuna wakati utalazimika. Kivuli chako kisimpite; ni jambo linalowafukuza kuliko yote, basi angalia jua liko wapi kabla hujaketi. Sogea moja kwa moja kumwelekea badala ya kukatiza mbele yake, kwa kuwa macho ya wadudu ni hodari kunasa kitu kinachokatiza. Sogea wakati mkonga uko ndani ya ua, simama anapotoka. Usiguse bua wala majani ya jirani. Ua likitikisika ghafla anajua.

Wapo wanaomweka mdudu kwenye friji ili azubae, kisha wampange juu ya ua. Mdudu wa namna hiyo hawezi hata kuelea, na anayewajua humtambua kwa jinsi miguu ilivyokaa. Usifanye. Vilevile usikate maua wala kulalia shada ili upate pembe nzuri: kesho mdudu atarudi kutafuta mbochi, na nyuki pia.

8. Flashi, kwa anayetaka mbawa zigande

Mwaka 1904 mjini Paris, Lucien Bull alirekodi wadudu wakiruka kwa kutumia cheche za umeme zilizofuatana kwa kasi. Kilichogandisha mbawa hakikuwa shata, bali mmweko wa mwanga uliokuwa mfupi mno. Flashi yako ya leo ni kanuni ileile. Ukiipunguza nguvu hadi 1/32 au 1/64, mmweko wake hudumu takribani 1/10,000 ya sekunde au chini ya hapo, kutegemea flashi. Hakuna ubawa unaoikimbia.

Ili ifanye kazi, mwanga wa jua usishiriki. Ukipiga kwenye jua kali kwa 1/200, ambayo ndiyo karibu na kikomo cha kamera nyingi kwa flashi, utapata mdudu mwenye mzimu: mwili mkali wa flashi na kivuli chake kilichofifia cha jua. Tafuta ua lililo kivulini. Weka 1/200, f/11, ISO 200, piga picha moja bila flashi. Ikitoka karibu nyeusi, uko sawa. Washa flashi, isogeze karibu na ua, na uifunike kwa kisambaza mwanga kikubwa, hata karatasi nyeupe laini iliyokunjwa mara mbili, la sivyo macho ya nzi yatakuwa na nukta nyeupe kali kama taa za gari.

Flashi nyingi zina hali ya kutumika na spidi za juu za shata, kama 1/2000. Hiyo humulika kwa mimweko mingi mfululizo wakati shata inapita, kwa hiyo kinachogandisha ni shata tena, si mmweko. Ni nzuri kwa kujaza kivuli tumboni mwa mdudu juani. Kwa kugandisha mbawa haikusaidii.

Tatizo la flashi ni mandhari ya nyuma kuwa nyeusi tii, kama usiku. Weka jani kubwa au kadi ya kijani hatua moja nyuma ya ua, na lipate mwanga kidogo.

9. Kama una simu tu

Usitumie hali ya makro ya simu. Nyingi hutumia lenzi pana inayotaka uwe sentimita chache kutoka kwa ua, na mdudu hatakuja. Tumia lenzi ya mbali ya simu, kaa nusu mita au zaidi, shikilia kidole kwenye ua ili fokasi na mwangaza vifungwe hapo, kisha rekodi video ya mwendo wa pole ya fremu 240 kwa sekunde. Juani simu itajichagulia shata ya haraka. Baadaye pitia fremu moja moja uchague. Fremu ya video ya 1080 ina pikseli milioni mbili hivi, haitoshi kwa bango, lakini utaona mkonga ukiingia, miguu ikigusa petali, na utajifunza tabia ambazo macho hayawezi kuzinasa. Mimi hurekodi hivyo hata nikiwa na kamera kubwa, kwa ajili ya kujua tu.

10. Kuchambua

Utarudi na picha mia nne. Usikate tamaa ukibaki na tatu; kwa siku nzuri mimi hubaki na tano. Pita mara ya kwanza haraka ukitazama jicho tu. Jicho si kali, futa, hata kama mkao ni wa ajabu. Mara ya pili tazama mkonga: unaonekana wote, au umejificha nyuma ya petali? Mara ya tatu tazama mandhari ya nyuma. Katika kukata, acha nafasi zaidi upande wa mgongo wa mdudu kuliko upande wa ua, ili aonekane yuko hewani na hajabanwa ukutani.

Kabla hujaondoka pale kwenye maua, piga picha moja ya ziada isiyo na uzuri wowote: mdudu akiwa ametua chini kuota jua, mbawa zimenyooka, ukimtazama kutoka juu. Nzi-nyuki hutambulika kwa mbawa. Bombylius major ana ukanda wa kahawia-nyeusi kwenye ukingo wa mbele wa ubawa, na ndugu yake Bombylius discolor ana madoadoa yaliyotawanyika. Kwenye picha ya kuelea, mbawa zikiwa feni, alama hizo hazisomeki. Na ukiwa unamtafuta pale chini huenda ukamkuta jike akielea juu ya udongo mtupu wenye vishimo vya nyuki wa ardhini, akirusha kitako kama anayepiga teke. Anatupa mayai yake kuelekea vishimo vya nyuki hao, kwa kuwa viluwiluwi vyake hula viluwiluwi vya nyuki. Kabla ya hapo huenda umemwona amegandamiza mkia mchangani: anajaza vumbi la kuyapaka mayai. Hapo hali ni ileile ya kwenye ua. Fokasi kwenye kishimo, si kwake, maana atarudi.